Aliyepakuliwa Kwanza: Chakula cha Kihindi Mjini Guangzhou

Guangzhou ni mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kando ya mto ambao wenyeji huuita Zhujiang, maana yake Mto Lulu. Wafanyabiashara wa zamani waliujua mji huu kwa jina la Canton. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 18. Tangu mwaka 1957 hufanyika huko maonyesho makubwa ya biashara mara mbili kila mwaka, na akina mama wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda hufunga safari kwenda kununua vitambaa, viatu na vyombo vya nyumbani. Ukipita katika mtaa wa Xiaobei jioni, usishangae kusikia mtu akiuliza kwa Kiswahili, "Mzigo wako umeshapakiwa?"

Sisi tulikuwa wanne, wote wake za watu na wote mama wa watoto. Mkubwa wetu amekwisha kupata wajukuu, na safari hiyo ilikuwa yake ya saba. Wa pili ni Mwislamu wa Tanga anayeuza mapazia. Tulikwenda kwa ndege kupitia Addis Ababa, tukakaa siku kumi na moja. Mambo ya mizigo na ushuru tunawaachia wengine kuyaeleza. Hapa tunataka kuwasimulia juu ya mlo mmoja tu, kwa sababu mlo huo ulituachia mazungumzo ambayo hayajaisha hata leo.

KWA NINI CHAKULA CHA KIHINDI?

Mapishi ya Guangzhou yana sifa kubwa katika China nzima. Wenyeji hupenda ladha nyepesi ili samaki aonekane kuwa ni samaki na mboga ionekane kuwa ni mboga. Asubuhi hunywa chai pamoja na vyakula vidogo vidogo vilivyopikwa kwa mvuke, navyo ni vitamu kweli. Kabla ya kula huosha vikombe na bakuli kwa chai ya moto, na anayemiminiwa chai hugonga meza taratibu kwa vidole viwili kuonyesha shukrani. Tulijifunza haya yote, tukayafurahia.

Lakini baada ya siku nane ulimi ulianza kudai. Mmoja wetu alisema angetoa chochote apate pilipili. Mwenzetu wa Tanga alikuwa na shida kubwa zaidi, kwa kuwa nyama ya nguruwe hutumiwa sana katika mapishi ya huko, na mara nyingi aliishia kula wali na mayai. Ndipo mwenyeji mmoja aliyetusaidia kutafsiri madukani alipotuambia kuwa upo mgahawa wa Kihindi wa hali ya juu katika Zhujiang New Town, na kwamba nyama yake imechinjwa kwa sheria ya Kiislamu.

Mtu asidhani kuwa Wahindi wameingia Guangzhou jana. Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Kiparsi kutoka Bombay walikuwa tayari wakileta pamba kwa meli na kuondoka na chai na hariri. Baadaye wengi wao waliingia pia katika biashara mbaya ya afyuni. Makaburi yao yangaliko eneo la Huangpu, karibu na mahali meli zilipokuwa zikitia nanga.

BEI ILIYOTUSHTUA

Zhujiang New Town ni eneo la majumba marefu ya kioo. Ng'ambo ya mto umesimama Mnara wa Canton, wenye urefu wa meta 600, ambao usiku hubadilika rangi kama upinde wa mvua. Mgahawa wetu ulikuwa ghorofani, ukiutazama mnara huo. Tulifika saa moja jioni. Nyumbani, kwa kuwa China iko mbele yetu kwa saa tano, ilikuwa saa nane mchana, na watoto wetu wadogo walikuwa wanatoka shule.

Mlangoni tulipokelewa na kijana mwenye kilemba, akainamisha kichwa na kuunganisha viganja vyake. Kwa Kiingereza alituita shangazi, kama ilivyo desturi ya Wahindi kwa wanawake wa makamo, nasi tukampenda papo hapo. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, glasi zikimetameta, na harufu ya hiliki ilikuwa imejaa chumba kizima.

Kisha tukafungua orodha ya vyakula. Kimya kikatanda. Mdogo wetu alikuwa wa kwanza kusema, kwa sauti ya chini: "Jamani, hii biriani moja ni bei ya gauni mbili kiwandani. Mimi nina ada ya kidato cha tatu Januari. Tuondokeni."

Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja wetu anajua hesabu hizo, na hutembea nazo usingizini. Mkubwa wetu akafunga orodha, akasema: "Mwanangu, tangu tumefika umekula maandazi ya dukani ukiwa umesimama. Kula chakula kimoja ukiwa umekaa. Tutagawana sahani, na kila mtu atalipa sehemu yake." Tukakaa.

NYUMBANI NDANI YA SAHANI YA KIGENI

Kilichofuata kilitushangaza, kwa kuwa tulikuta tunakijua zaidi ya tulivyotarajia. Sambusa ilikuwa ile ile sambusa. Achari ya maembe ilikuwa achari. Walipoleta mikate ya naan tuliona ni ndugu wa chapati, ila yenyewe hutiwa chachu na kuokwa katika tanuri la udongo liitwalo tandoor. Mpishi alikuwa nyuma ya kioo, nasi tukaenda kumtazama. Tanuri hilo lina umbo la mtungi mkubwa, makaa huwekwa chini, na joto lake hupita nyuzi 400. Mpishi hutandaza donge la unga kwenye mto mdogo, huingiza mkono upesi na kulibandika kwenye ukuta wa tanuri. Kwa dakika moja au mbili mkate umeiva. Kuku hulazwa kwanza katika mtindi, ndimu na viungo kwa saa nyingi, kisha huchomekwa kwenye vyuma virefu na kuteremshwa humo humo.

Biriani ililetwa katika chungu kilichozibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke. Mhudumu alipoupasua ule unga mbele yetu, watu wa meza nyingine waligeuka kutazama. Alieleza kwa fahari kwamba chungu hicho hupikwa kwa moto mdogo na kuwekewa makaa juu ya mfuniko. Mwenzetu wa Tanga akatabasamu. "Huko ni kupalia," alisema. "Bibi yangu alinifundisha nikiwa na miaka tisa."

Kulikuwa pia na dengu nyeusi zilizochemka usiku kucha kwenye moto wa taratibu, kisha zikatiwa siagi na malai. Mchicha uliopikwa na vipande vya jibini nyeupe. Na kachumbari ya vitunguu na ndimu. Mwisho vililetwa vidonge vya maziwa vilivyokaangwa na kuloweshwa katika shira, ambavyo mama yeyote wa pwani angeviita binamu wa kaimati.

Hata maneno yenyewe yalikuwa yamesafiri. Neno letu dalasini linatokana na Kiajemi, na maana yake ya asili ni mti wa China. Na kweli, jimbo la Guangxi, jirani wa Guangdong, ni maarufu kwa aina yake ya dalasini. Neno chai limetoka China, likapita Uajemi na India kabla ya kufika kwetu. Kumbukumbu za China zaeleza kwamba mwaka 647 Mfalme Taizong alituma watu India wakajifunze kuchemsha miwa ili kupata sukari. Pilipili tuliyoililia kwa siku nane asili yake ni bara la Amerika, na ni Wareno walioifikisha India katika karne ya 16. Na karafuu za Unguja na Pemba zimekuwa zikinunuliwa na India kwa miaka mingi. Basi ile biriani ya bei kubwa ilikuwa kazi ya mikono ya watu wengi, na baadhi yao ni wa kwetu.

Ulizuka mjadala mdogo juu ya mkono. Meza yetu ilikuwa na uma, visu na vijiti. Tulitazamana. Mkubwa wetu akaomba maji ya kunawa, akala kwa mkono wa kulia kama alivyolelewa, nasi tukamfuata. Yule kijana mwenye kilemba alipoona hivyo alileta bakuli la maji ya uvuguvugu lenye kipande cha ndimu. Meza ya jirani msichana mmoja wa Kichina alikuwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, kama wengi wao wafanyavyo wakishika chakula chenye mafuta. Alitutazama, akavua mifuko yake, akamega naan kwa vidole vitupu, akacheka na mama yake.

BIBI WA MEZA YA JIRANI

Meza hiyo ya jirani ndiyo iliyotupa somo la jioni ile. Walikuwa watu saba wa ukoo mmoja: bibi mzee mwenye nywele nyeupe, mwanawe na mkewe, na wengine ambao hatukuujua uhusiano wao, pamoja na watoto. Chakula kilipowekwa, hakuna aliyegusa. Mtoto wa kiume, labda wa miaka kumi, alizungusha lile sinia la katikati ya meza mpaka kuku akawa mbele ya bibi. Baba yake akachukua kipande kinono, akakiweka katika bakuli la mama yake. Kisha akachukua kingine, akampa mkewe. Bibi alipoanza kula, ndipo wote wakala.

Tunajua kwamba katika China, kama kwetu, wazee hutangulizwa. Hilo halikuwa geni. Kilichotugusa ni kwamba yule mwanamume alipakua chakula kwa ajili ya wanawake wawili wa nyumba yake kabla ya kujipakulia, na alifanya hivyo bila kuonekana kuwa anatenda jambo kubwa.

Mdogo wetu, yule wa ada ya kidato cha tatu, aliweka mkate chini. "Mnajua," alisema, "tangu nijifungue mtoto wa kwanza, leo ndiyo mara ya kwanza nakula chakula cha moto nilichopakuliwa na mtu mwingine. Na huyo mtoto ana miaka kumi na sita."

Tulianza kuhesabu. Nani kati yetu hupakua nyumbani? Wote. Nani hula wa mwisho? Wote, isipokuwa mkubwa wetu ambaye sasa ana wakwe. Na wa mwisho hupata nini? Shingo ya kuku, mchuzi uliobaki, na ukoko. Mara nyingi tunakula tumesimama karibu na jiko, huku tukijibu maswali ya hesabu ya mtoto.

Hapo ndipo mwenzetu wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mkimya, alipotusimulia jambo ambalo hakuwa amelisema siku zote tulizosafiri pamoja. Alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa tatu, alikuwa akipika kila siku kwa watu tisa. Nyama ilikuwa ya baba na wageni, mayai ya watoto. Yeye alishiba ugali na chai ya rangi. Alipojifungua alipoteza fahamu. Damu yake ilikuwa chache mno hata kabla ya uchungu, na ilibidi aongezewe chupa mbili. "Daktari aliniuliza kama nyumbani hakuna chakula," alisema. "Nilishindwa kumjibu, kwa sababu chakula kilikuwepo, na nilikipika mimi."

Kwa muda hatukusema kitu. Mnara wa Canton uliendelea kubadili rangi zake dirishani.

Ni vizuri akina mama tulijue jambo hili. Mwanamke mjamzito anahitaji madini ya chuma zaidi ya mara mbili ya yale anayohitaji mumewe, ingawa mume ndiye mwenye mwili mkubwa na sahani kubwa. Madini hayo yamo katika nyama, maini na dagaa, na pia katika dengu, maharagwe na mboga za majani. Ndimu au chungwa pamoja na mboga husaidia mwili kuyapokea. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo afadhali kuisubirisha saa moja. Tulipotazama meza yetu tuliona kwamba mapishi ya Kihindi yana hekima hiyo: dengu, mchicha, na ndimu pembeni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichopatikana sokoni kwetu.

"KWANGU YUPO MAMA MKWE"

Mwenzetu wa Tanga alikuwa wa kwanza kuuliza tutafanya nini tukirudi. Mdogo wetu akasema ni rahisi kuyasema haya Guangzhou. "Kwangu yupo mama mkwe. Nikianza kujipakulia kipande kizuri atasema nimefundishwa na Wachina."

Tulicheka sana, mpaka kijana mwenye kilemba akaja kuuliza kama tunahitaji maji. Lakini mkubwa wetu hakucheka. Alisema: "Usijipakulie wewe kwanza. Mpakulie yeye kwanza, kipande kizuri, mbele ya mumeo na watoto. Kisha chukua sahani yako ukakae karibu naye, mle pamoja. Na yeye amekula shingo ya kuku miaka arobaini. Unadhani hajui?"

Jibu hilo lilitushinda wote. Tulikuwa tumewaza jinsi ya kudai haki yetu kwa waume, na tulimsahau yule mwanamke mwingine aliyesimama jikoni kabla yetu. Binti anayeona bibi na mama wakila vizuri na wakiwa wameketi hatakwenda kwa mumewe akidhani kuwa njaa ni sehemu ya ndoa. Na mtoto wa kiume anayezungusha sinia leo ndiye atakayempakulia mkewe kesho.

MAMBO MACHACHE KWA ANAYEKWENDA

Hesabu ya chakula ilifika yuan 860, pamoja na ada ya huduma. Ilikuwa zaidi kidogo ya chumba chetu cha kulala kwa siku tatu. Tuligawana kwa nne, na hatukusikia uchungu tuliouogopa. Kabla ya kuondoka tulipewa shamari na sukari ya mawe ya kutafuna, kama ilivyo kawaida ya Wahindi baada ya mlo.

Wenyeji wengi hulipa kwa simu, basi ulizeni mapema kama fedha taslimu au kadi inapokelewa. Bakshishi si desturi ya China. Tulimwachia kijana wetu noti, akatukimbilia nayo mpaka kwenye lifti akidhani tumeisahau. Mkiagiza, anzeni na kidogo. Mwaka 2021 China ilitunga sheria ya kuzuia upotevu wa chakula, na wahudumu wenyewe huwashauri wageni wasiagize kupita kiasi. Kinachobaki hufungwa katika visanduku bila aibu yoyote. Biriani yetu iliyobaki tuliila asubuhi hotelini, nayo, kama akina mama wote wajuavyo, ilikuwa tamu zaidi kuliko usiku. Na kama mnataka kuagiza kuku wa tandoor, waambieni pilipili mnayotaka, kwa maana wapishi huipunguza kwa ajili ya wenyeji.

Miezi mitatu imepita tangu turudi. Mapazia yameuzwa, ada imelipwa. Mdogo wetu alitupigia simu wiki iliyopita. Alikuwa amefuata ushauri, akampakulia mama mkwe paja la kuku mbele ya watu wote. Bibi aliitazama sahani kwa muda, akalikata lile paja vipande viwili, kimoja akakiweka katika sahani ya mkwewe. Akamwambia: "Kaa hapa, mwanangu. Chakula kitapoa."

Msomaji wetu, jioni ya leo utakaposhika upawa, hesabu sahani zako vizuri. Hakikisha na ya kwako imo, na kiti chako kiwepo mezani.